Kinanda cha Talatala na Vitufe Vyake vya Njano

Mwezi uliopita nilifunga banda langu la Bondeni na kumrudishia mwenye nyumba ufunguo. Hakuna ofisi iliyoniandikia barua ya kustaafu. Nilishika skrubu moja ndogo ya kinanda, nikaziona mbili, nikajua basi, imetosha. Tangu siku hiyo mafundi waliobaki hapa Kyela wananipigia simu kuuliza jambo lilelile: vitufe vya kinanda vikigeuka njano, unafanyaje? Nimeona niandike mara moja ili simu ipumzike, nami nile wali wangu ukiwa wa moto. Nitaeleza dawa. Nitaeleza pia kosa nililolifanya kwa kinanda cha kijiji cha Talatala, maana mkiijua dawa bila kulijua kosa lile, mtaharibu vitu vya watu.

Nilianza na redio. Aliyenifundisha ni Fundi Ambakisye, mtu mfupi aliyeongea kwa kunong'ona hata akiwa amekasirika, na banda lake lilikuwa jirani na soko. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi mpaka nilipokula kiapo kwamba sitaipoteza. Kisha akanipa redio iliyokufa na sahani ya bati, akaniambia niifungue na kuweka skrubu zote kwenye sahani. Nilipomaliza akaitikisa sahani, akaniambia haya, ifunge. Nilishinda pale hadi jioni. Skrubu mbili zilibaki na redio ilikaa upande. Kesho yake akanionyesha namna yake: unachora kifuniko kwenye karatasi, halafu kila skrubu unayotoa unaichomeka kwenye karatasi pale ilipotoka. Tangu hapo nilichora kila nilichofungua, na nilijivuna sana kwa jambo hilo. Majivuno hayo tutakutana nayo mbele.

Vinanda vya umeme vilikuja baadaye. Kile cha kwanza kufika mikononi mwetu kilishuka melini bandari ya Itungi, kimefungwa kwa kitenge, na mwenyewe alikuwa amekitoa ng'ambo ya ziwa akakisafirisha chini ya gunia la samaki wakavu. Kilinuka kuliko soko. Ambakisye alikifungua kwa mikono ya mtu anayemvua mgonjwa bandeji, na vitufe vyote vikamwagika mapajani mwake. Hatukujua kwamba kila kitufe cheupe kina umbo lake kulingana na vitufe vyeusi vilivyo jirani. Tulivirudisha kwa kubahatisha. Kimoja kiligoma kuingia, tukakipiga tupa mpaka kikaingia. Kiliingia, lakini hakikutoa sauti tena, na mwenye kinanda aliambiwa kwamba safari ya majini ina mambo yake.

Makwaya yalipoanza kununua vinanda, kazi ya redio ikawa ya pili. Kwa miaka nilitengeneza sauti: raba zilizochoka chini ya vitufe, adapta zilizoungua umeme ulipoyumba, mende waliohamia ndani na familia zao. Kisha likaja tatizo la rangi. Vitufe vilivyokuwa vyeupe viligeuka njano ya ndizi mbivu, na kila kwaya ilikuwa na maelezo yake. Waimbaji wa sauti ya kwanza walisema ni vidole vya mpiga kinanda. Mpiga kinanda alisema ni pumzi za waimbaji wa sauti ya kwanza. Ukweli ni kwamba ndani ya plastiki hiyo kiwandani huwekwa dawa ya kuizuia isishike moto, na dawa hiyo ikipigwa na jua na joto kwa muda mrefu hubadilika rangi. Makanisa yetu yana madirisha makubwa na paa la bati. Kinanda hukaa dirishani kwa sababu ndipo penye soketi. Kuna kimoja kilinijia kikiwa na maua ya njano kwenye vitufe, petali kwa petali, kwa kuwa akina mama walikuwa wakikifunika kwa kitambaa cha kufuma na jua lilipita kwenye matundu.

Nilijaribu kila kitu. Sabuni ilitoa uchafu na kuacha njano. Dawa ya kutolea madoa ya nguo iliongeza njano na kuifanya plastiki iwe dhaifu. Dawa ya meno ilifanya kinanda kinukie vizuri. Msasa ulitoa njano kweli, lakini ulitoa na ule ulaini, na mpigaji akarudi kuniambia vidole vyake vinakwama katikati ya wimbo wa harusi. Nilimwomba radhi. Kinanda kile bado nakionea haya.

Dawa yenyewe niliipata kwa jirani. Karibu na banda langu kulikuwa na saluni, na dada mwenye saluni alikuwa na feni ya zamani iliyokuwa imegeuka njano, ameiweka barazani. Siku moja alimwaga juu yake peroksaidi, ile dawa wanayotumia kugeuza nywele ziwe rangi ya dhahabu. Hakuifuta. Jua lilipanda, na jioni feni ilikuwa na doa jeupe kama siku ilipotoka dukani. Nilisimama mbele ya feni ile muda mrefu mpaka mteja wake mmoja akauliza kama nataka kuposa.

Vitufe vya kwanza nilivyopaka dawa hiyo na kuanika vilitoka na mabakamabaka. Mke wangu Tusekile alivitazama akacheka. Yeye ni Mkisi wa ziwani, mama yake na bibi yake walifinyanga vyungu, na kwao chungu kibichi hakiachwi kikaukie upande mmoja. Akaniuliza kwa nini nimevilaza vitufe kama watu waliolewa. Akavichukua, akavitumbukiza vyote kwenye beseni la plastiki ya kuonekana ndani, akamimina dawa mpaka ikavifunika, akaketi juani na kijiti akivigeuza kimoja kimoja huku akichambua mboga kwa mkono mwingine. Jioni vilikuwa vyeupe pande zote. Kwa hiyo mkisikia watu wakisema hii ni mbinu yangu, jueni nusu ni ya saluni na nusu ni ya wafinyanzi.

Basi fanyeni hivi. Fungueni kinanda, choreni, toeni vitufe na msiache springi wala chuma chochote kwenye plastiki, kwa sababu dawa inakula chuma. Osheni kwanza kwa sabuni na mswaki. Futeni wino na gundi kwa spiriti. Vaeni glavu, mimi nilipuuza na ncha za vidole vyangu zikawa nyeupe na kuwasha kwa siku mbili. Zamisheni, anikeni, geuzeni, toeni mapovu yanayoganda juu ya kitufe maana kila povu huacha alama. Msiache mpaka dawa iwe ya moto sana. Suuzeni, kausheni kivulini. Na msimwahidi mtu siku ya kumaliza wakati wa masika. Mnaijua mvua ya kwetu. Jua likikataa, dawa nayo inakataa.

Sasa niseme la Talatala.

Ilikuwa masika. Jumatatu moja alifika bandani kijana mwenye familia wa Talatala aitwaye Lusekelo, amefunga kinanda nyuma ya pikipiki kwa mipira ya baiskeli na kukifunika kwa nailoni. Alisalimia, "Mugonile," akaeleza kwamba Jumapili inayokuja kanisa lao jipya linafunguliwa, wageni ni wengi, na kwaya inataka kinanda kionekane kipya kama kanisa. Vitufe vilikuwa njano iliyokomaa. Pia vilikuwa na nukta za wino, za bluu na nyekundu, na vinamba vidogo pembeni. Niliziona. Nilidhani ni mchezo wa watoto, nikasikitika moyoni jinsi watu wasivyotunza vitu. Nilichora skrubu zote ishirini na kitu. Nukta sikuzichora. Nilizifuta kwa spiriti, moja baada ya nyingine, nikipiga mluzi.

Jua lilinitesa wiki ile. Lilitoka kidogo Jumatano, likatoka Ijumaa. Jumamosi mchana kinanda kilikuwa kimefungwa mezani, cheupe mpaka raha, na Lusekelo alipofika alikitazama akatabasamu. Kisha akainama. Akapitisha macho kuanzia kitufe cha kwanza mpaka cha mwisho, akarudi tena mwanzo.

"Fundi," aliniuliza polepole, "alama za tata ziko wapi?"

Nilimwambia alama za baba yake nimezifuta. Akakaa juu ya kreti ya soda na kunieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza, kwa sababu hakuna aliyeona kuna la kueleza.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemeshani. Wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wamelegeza. Mzee Asajile, baba yake Lusekelo, hakulegeza. Ndiye aliyeanzisha kwaya ile, na ndiye aliyepiga kinanda mpaka vidole vilipokakamaa. Alipotafuta wa kumrithi, kijiji kizima mtu mmoja tu alikuwa na sikio la muziki kama lake, na mtu huyo alikuwa mke wa Lusekelo, Mama Gwamaka.

Mzee hakuvunja desturi wala hakuacha kufundisha. Kila Jumamosi asubuhi aliingia kanisani peke yake na kuweka alama za wimbo kwenye vitufe: bluu mkono wa kulia, nyekundu mkono wa kushoto, namba ya kidole pembeni. Wimbo ukishaiva alifuta na kuweka za mwingine. Kisha alitoka, akaketi kwenye benchi nje, chini ya dirisha, ameegemea ukuta. Mkamwana wake aliingia kwa mlango wa pili, akafunua kitambaa, akapiga. Wimbo wenyewe aliujua kwa kuisikia kwaya. Nukta zilimwonyesha vidole viende wapi. Akikosea, mzee aligonga ukuta kwa fimbo. Akipatia, ukuta ulinyamaza. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake akisema neno.

Nukta nilizozifuta zilikuwa za wimbo wa Jumapili hiyo, alioutunga mzee mwenyewe kwa ajili ya kanisa jipya. Mama Gwamaka alikuwa amezifuata Jumamosi moja tu. Na kulikuwa na wazee wa kanisa waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba siku kubwa kama ile haifai kumwachia mwanamke anayefundishwa kupitia ukuta, heri waazime mpigaji kutoka mjini. Akiharibu mbele ya wageni, hatakaa tena kwenye kiti cha kinanda. Nikamwambia Lusekelo twende wote, nikaseme mwenyewe.

Mzee Asajile tulimkuta barazani akimenya kakao. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti juu ya fulana. Nilikiweka kinanda mbele yake, nikasema kosa langu lote bila kuzunguka. Akagusa vitufe. Akasema ni vyeupe kweli.

Alimtuma Lusekelo kalamu. Akaweka nukta ya kwanza, na wino ukateleza juu ya plastiki ile safi na kutapakaa. Ya pili kalamu iliteleza ikaangukia kati ya vitufe viwili. Nikamwomba anielekeze niweke mimi. Akajaribu kunionyesha, lakini aliujua wimbo kwa vidole vyake, na vidole vyake vilivyochoshwa na kakao siku ile havikufika. Akaifunika kalamu na kuirudisha mfukoni.

"Mwambie mke wako apige," alimwambia mwanawe.

Basi. Lusekelo akabeba kinanda kwenda kanisani.

Jumapili nilikuwa kiti cha nyuma kabisa nikiwa nimevaa suti ya harusi yangu. Wageni walijaa mpaka nje. Mzee aliketi nje kwenye benchi lake, lililohamishiwa chini ya dirisha la kanisa jipya, ingawa walimwandalia kiti mbele. Kwaya ikasimama. Mama Gwamaka, mwanamke mnene kidogo mwenye uso mtulivu, akafunua kitambaa na kukuta vitufe vitupu. Nilimwona akisita. Mikono ilibaki hewani. Mzee wa kanisa mmoja alimgeukia mwenzake wakanong'onezana.

Ndipo ukuta ukagongwa. Mara tatu, kwa nafasi, kama mtu anayehesabia mwendo wa wimbo. Alikuwa hajawahi kugonga kabla ya kosa.

Mama Gwamaka akapiga. Alipiga wimbo ule mpaka mwisho, beti zote nne, na katika ubeti wa tatu aliongeza kitu mkono wa kushoto ambacho hata mimi nisiye mwimbaji kilinisimamisha. Ukuta ulinyamaza. Nililia, na sina aibu kulisema. Jirani yangu alidhani nimeguswa na Roho, na sikumkatalia.

Baada ya chakula nilimtafuta kumwomba msamaha. Nilimkuta nyuma ya kanisa akiosha masufuria na akina mama wengine. Akanivuta pembeni.

"Fundi, zile nukta nina miaka mitatu sijazitazama," alisema.

Nikamuuliza kwa nini basi alimwacha mzee mgonjwa wa vidole ahangaike kila Jumamosi.

"Tangu nimeolewa tata hajawahi kunisemesha, wala hatanisemesha. Lakini Jumamosi tunaongea saa mbili nzima. Nikisema nimeshajua, atabaki nyumbani. Nilisita kwa sababu niliambiwa nipige tu, nikadhani amekasirika, ameamua kuacha. Naomba usimwambie." Kisha akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akashukuru. "Ndaga fijo kwa vitufe. Vimependeza."

Sikumwambia mzee. Kinanda kile kilirudi kwangu mara mbili baadaye, kwa maana njano ikitolewa hurudi, msimdanganye mteja. Kila mara nilichora nukta zote kwa rangi zake kabla ya kugusa spiriti, na kila mara nilizirudisha mahali pake kwa kalamu nzuri kuliko ya mzee. Kuzirudisha kulichukua muda kuliko kung'arisha. Wenzangu, kitu chochote mtakachokikuta juu ya chombo cha mtu, hata kama ni doa la ugali, muulizeni mwenyewe kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda Talatala kumwomba Mama Gwamaka ruhusa ya kuandika haya. Nilijua mzee bado anasoma kila karatasi inayopita kijijini, na siri ile haikuwa yangu. Tulikaa jikoni kwake, akanikaribisha ndizi na samaki. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Andika tu," aliniambia. "Tata anajua."

Ilikuwa hivi. Mwezi mmoja nyuma Mama Gwamaka aliingia kanisani Jumamosi kama kawaida, akafunua kitambaa, akapiga wimbo wote huku akitazama mvua mlangoni. Haukugongwa ukuta hata mara moja. Aliposimama kuondoka, Lusekelo, aliyekuja kumchukua na kuona vidole vyake vikipita kando ya nukta, alichungulia vitufe, akamuuliza amepigaje wimbo ule, mbona nukta zote zimesogezwa kitufe kimoja pembeni, tangu ya kwanza hadi ya mwisho? Akatazama. Kweli. Mzee alikuwa ameziweka vibaya kwa makusudi, na yeye alikuwa amepiga sawasawa bila kuona. Amejichongea mwenyewe. Alipotoka nje, benchi lilikuwa tupu.

Wiki ile hakula vizuri. Aliwaza kwamba mzee amejua, na kwamba sasa hana sababu ya kutoka nyumbani na vile vidole vyake. Jumamosi iliyofuata alichelewa kwenda, kwa hofu ya kukuta pametulia.

Alikuta nukta. Zilikuwa za wimbo mpya, na kila moja ilikuwa mahali pake. Akaketi, akapiga mstari wa kwanza vizuri, na mstari wa pili akakosea kwa makusudi.

Fimbo ikagonga ukuta.